Mpaka Niseme Karibu

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mteja wa kwanza wa nyumba kaja leo hiyo hiyo, kaloa chapachapa. Dalali anasema ni dalili njema. Dalali huyu kila kitu kwake ni dalili njema. Ukimwambia nyumba imeezuliwa paa atakwambia sasa ina hewa ya kutosha.

Mteja ni mwalimu, kaja na mkewe. Walipenda sebule, wakapenda jiko. Mke alifungua makabati yote na kuyafunga, nikaona kabisa ameshaanza kupanga vyombo vyake kichwani. Mwisho nikawapeleka chumba cha uani, chumba cha Mama. Nikabisha, nikafungua, nikawaonyesha vile vyuma vya kushikilia nilivyofunga ukutani. Mke akasema, "Ahaa." Halafu wote wawili wakakumbuka kwamba wamemwacha mtoto kwa jirani.

"Tutakupigia," alisema mwalimu, tayari yuko getini.

Jumatano, 5 Machi

Hajapiga.

Ijumaa, 7 Machi

Aliyepiga ni Kaka. Anaishi mbali na amenizidi miaka mingi, kwa hiyo huongea nami kama vile bado navaa kaptura. Nimeshapita hamsini, kichwa kina mvi, lakini kwake mimi ni kitinda mimba na nitakufa kitinda mimba.

"Mdogo wangu, mvua hizi zikikatika hujapata mtu, tunampa yule wa saruji. Sitaki danadana."

Yule wa saruji ni jirani yetu. Ana yadi ya saruji, malori, na vumbi linaloingia mpaka kwenye mswaki. Namwita Bwana Saruji. Ameshasema hana haja na nyumba, ana haja na kiwanja. Akikipata leo, kesho tingatinga linaingia.

Na Mama alituagiza wote wawili, akili zake zikiwa timamu. Nyumba iuzwe, tugawane, tusije tukagombana. Lakini tuwauzie watu watakaolala humo. "Wenye watoto, wenye wazee, shauri yenu. Huyo mwenye vumbi msimpe." Kaka alikuwepo na aliitikia. Sasa anasema alikuwa anamfurahisha mgonjwa tu. Mimi sikuwa namfurahisha mtu. Niliahidi.

Jumapili, 9 Machi

Leo nyumbani kutwa. Nimefagia, nimefuta madirisha, nimebadilisha maji ya meno ya Mama.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Siyo daktari, daktari yuko mbele na koti jeupe, mimi niko chumba cha nyuma na plasta, nta na tupa. Nusu ya mji huu inacheka kwa mkono wangu. Nikipita sokoni naona kazi zangu zinabishana bei, zinatafuna, zinasengenya. Seti ya Mama ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Meno ya bandia hayatakiwi kukauka, yakikauka yanapinda. Kwa hiyo yapo kwenye glasi yake, mezani pale pale kitandani, na kila asubuhi nayapa maji mapya.

Jumamosi, 15 Machi

Vijana wawili, wapya kwenye ndoa, wanachekeana kila kona. Walicheka sebuleni, wakacheka jikoni, binti akacheka hata bafuni, sijui kuna nini cha kuchekesha bafuni kwetu. Nikajisemea, hawa ndio wenyewe. Hawa wataijaza nyumba kelele.

Tulipofika uani nikabisha hodi kwa Mama, nikangoja kidogo, tukaingia. Kicheko kikakatika. Wakati huo huo lori la jirani likapita, na kama kawaida nyumba ikatetemeka kidogo, na meno yakagongagonga glasi. Ti-ti-ti-ti. Binti akamshika mumewe mkono.

"Na hapa," akauliza, anaongea kwa kunong'ona, "hapa analala nani?"

"Ni kwa Mama."

"Ahaa," akasema.

Hii "ahaa" nimeanza kuichukia. Waliondoka mguu niponye, kwenye mvua, na mwavuli wao wameuacha mlangoni.

Jumanne, 18 Machi

Dari la korido linavuja. Nimetega sufuria. Mwavuli wa vijana bado upo.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee mmoja mstaafu, kaja na futi ya chuma. Alipima kila kitu: sebule, korido, upana wa milango, mpaka kimo cha sinki. Mtu asiyetaka kununua hapimi sinki. Uani, mimi nikiwa nimesimama nabisha, nikasikia nyuma yangu ile futi inajikunja, srrrp, ikarudi kwenye kibweta chake. Hakupima chumba cha Mama. Alisema macho yake yanatosha.

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa kufikiri. Wote wanafurahi mpaka uani. Uani wanapoa. Basi kuna kitu uani.

Nadhani ni harufu. Mama alikuwa anajichua magoti kwa ile dawa kali ya kuwasha, na ukuta umeinywa. Nitapaka rangi.

Jumatano, 26 Machi

Nimepaka rangi. Nyeupe, mara mbili. Nilimhamishia Mama vitu vyake katikati ya chumba, nikavifunika kwa shuka, jioni nikavirudisha. Ndara zake nilikuwa nimeziweka chini ya kitanda. Leo asubuhi zilikuwa pembeni yake, zimeelekea mlangoni. Labda niliziweka hivyo mwenyewe. Nilikuwa nimechoka.

Jumamosi, 29 Machi

Akina mama wawili, mtu na dada yake. Rangi waliisifu. Wakaondoka.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua kubwa. Malori hayakutoka yadini.

Jumamosi, 5 Aprili

Familia nzima, baba, mama, na watoto ambao hawakushikika. Mmoja wa watoto alitangulia mbio mpaka mlango wa uani, akashika kitasa. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu, hapo tunabisha kwanza." Nikambishia. Tukangoja. Mtoto akaniangalia, akauangalia mlango, akamwangalia mama yake. Mama mtu akamvuta kwake.

Hawakuingia kabisa. Baba alisema wamechelewa mahali. Mtoto akauliza kwa sauti, "Tumechelewa wapi, Baba?" Akapigwa kofi la kisogoni.

Dalali alibaki nao getini, wanaongea naye, yeye anatikisa kichwa chini ya mwavuli. Nilikuwa dirishani, sikusikia neno. Aliporudi nikamuuliza wamesemaje.

"Wamesema nyumba nzuri."

"Sasa?"

"Nzuri sana," akasema, anaangalia viatu vyake.

Alhamisi, 10 Aprili

Maji ya glasi yanapungua. Nayajaza asubuhi mpaka kwenye mstari wa glasi, asubuhi inayofuata yako chini yake. Kungekuwa na jua ningesema yamekauka. Lakini kwa unyevu huu mpaka chumvi imekuwa uji.

Nimeikagua glasi. Haina ufa.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna aliyekuja. Nimepita mbele ya yadi kununua betri, nikamwona Dalali wangu ndani ya ofisi ya Bwana Saruji, amekaa, kikombe cha chai mkononi. Wanacheka. Haya. Kumbe ndiyo maana. Kumbe getini pale anawaambia wateja maneno, wanakimbia, nyumba inabaki, mvua zinakatika, mwenye vumbi anachukua kiwanja, na Dalali anapata chake. Na mimi napaka rangi kama mjinga!

Damu imenichemka mpaka nimesahau betri.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimekwenda. Wiki nzima nilikuwa nayapanga maneno huku nasaga meno ya watu, mpaka Daktari akaniambia nimemsagia mteja jino likawa kama la panya.

Nilimkuta Dalali kwenye kiti kile kile. Sikusalimia.

"Huyu amekupa kiasi gani unifukuzie wateja?"

Dalali akaweka kikombe chini. Bwana Saruji alikuwa anapiga hesabu zake, hakuinua kichwa.

"Mimi?" akasema Dalali. "Mimi ndiye nawafukuza? Kaka, mimi nikiuza ndipo nakula. Hapa nimekuja kupewa chai kwa sababu kwangu hakuna." Akasimama. "Basi leo nisipokwambia nitapasuka. Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe na ule mlango."

Halafu akafanya kitu ambacho sitakisahau. Aliligeukia kabati la mafaili. Akainamisha kichwa, akabisha kwa kifundo cha kidole, taratibu. "Hodi, Mama," akasema. "Wageni." Akatega sikio. Akangoja. Alingoja muda mrefu, mvua inapiga bati, mimi nataka kupiga kelele. Mwishoni akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, na lile tabasamu lilikuwa langu.

"Kila mteja," akasema. "Tangu yule mwalimu. Ukishaingia unasema, 'Samahani Mama, hatukai.' Unasogeza kiti ili watu wapite wasimguse. Wasimguse nani, Kaka? Halafu yale meno, maji mapya, safi, yanagonga. Wakifika getini wananiuliza, bibi yuko wapi, mbona hatukumwona? Niwajibu nini? Nikisema yupo, wanasema hawawezi kumtoa mzee kwake. Nikisema ni marehemu, hapo hapo wanakumbuka wana safari."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia maneno mengine ambayo siyaandiki.

Bwana Saruji akaweka kalamu. "Hakudanganyi, ndugu yangu. Hata sisi tunakusikia kutoka hapa. Asubuhi na jioni." Akasugua vumbi machoni. "Madereva nimewakataza kupiga honi upande wa chumba kile. Niliwakataza akiwa hai, anaumwa. Sijaona sababu ya kuwaruhusu."

Nimerudi nyumbani bila mwavuli. Nimefungua daftari hili nikasoma tangu mwanzo. Nikabisha, nikafungua. Nikabisha hodi, nikangoja. Nabisha. Nikambishia. Yote nimeyaandika mwenyewe, na sikuyaona.

Jumapili, 20 Aprili

Nilidhani sitaandika. Lakini nikinyamaza nasikia korido.

Mama hakuruhusu kiumbe amwone bila meno. Hata mimi. Nilimwambia, Mama, ufizi wako nimeupima kwa vidole hivi hivi, unanificha nini? Akasema, "Aliyenipima ni fundi. Wewe ni mwanangu. Mwanangu atangoja." Ndiyo ikawa sheria ya nyumba. Unabisha hodi, unasimama. "Usiingie mpaka niseme karibu."

Nami nilisimama, miaka yote aliyolala chumba kile. Nilisikia glasi inavutwa, maji yanachuruzika, seti ya chini inaingia, seti ya juu inaingia, tak. Kikohozi kidogo. Kisha "Karibu," sauti ya mtu aliyekaa sawasawa. Ukimkuta hapo utasema alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri. Kwa urefu wa kungoja kwangu nilijua amelalaje, mikono inatetemeka au haitetemeki, siku ni njema au ni mbaya.

Mwisho wa mwaka jana alikonda, na meno ya mtu akikonda hayamkai. Seti ya chini ilimchubua. Asubuhi ile akanipa zote mbili, amejifunika mdomo kwa kanga. "Kayasage. Na urudi mapema, nisikae hivi kama kichanga."

Sikurudi mapema sana. Nilirudi alasiri, joto kali, meno yako mfukoni kwenye kitambaa kibichi. Nikabisha. Kimya. Nikasema, "Mama, najua huwezi kusema karibu, meno ninayo mimi." Kimya. Nikacheka. Nilijua amenuna. Alikuwa anajua kununa, Mama. Angeweza kununa mpaka chakula kikaharibika. Basi nikakaa chini pale koridoni, mgongo mlangoni, nikaanza kumbembeleza. Nikamsimulia kazini kulivyokuwa, mteja aliyemng'ata Daktari kidole, Daktari alivyoruka. Nilisimulia vizuri, na sauti zote nikaigiza. Nikangoja acheke. Nikamsimulia na jingine.

Hakuwa amenuna.

Daktari wa hospitali alisema ilitokea asubuhi, muda mfupi baada ya mimi kutoka. Kwamba hata ningerudi mapema. Alisema hivyo ili anipoze, na mimi nilipoa kwa nje.

Siku ya maziko meno yalikuwa mfukoni mwangu. Nilirudi nayo, nikayatia majini. Nilijiambia ni kwa sababu yakikauka yanapinda, na yakipinda hayamwingii tena mwenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Dalali kaja na mteja, mwanamume mpole, mwenye duka la vitambaa. Nimeombana radhi na Dalali. Aliniambia yaishe, ila chai ya Bwana Saruji ilikuwa tamu.

Tulikubaliana sitabisha. Nilitia mikono yote miwili mfukoni. Tukafika mlangoni kwa Mama, nikasimama. Nilitaka kusukuma tu, kama mtu anavyosukuma mlango wowote. Miguu ikagoma. Ilibidi Dalali afungue. Wakaingia, wakazunguka, wakasifu dirisha, mimi bado niko koridoni kama mwanafunzi aliyetolewa darasani.

Mwenye duka alipotoka aliniangalia usoni, akanipa pole. Pole ya nini hakusema. Hakuuliza bei.

"Afadhali ulipokuwa unabisha," alisema Dalali.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zinapungua. Asubuhi jua lilitoka, nikalichukia. Kaka kapiga. Anasema ameshaongea na Bwana Saruji, mwisho wa mwezi waandikishane.

"Uliahidi," nikamwambia. "Ulikaa pale kitandani ukaahidi."

"Mdogo wangu, Mama hayupo."

Nilitaka kumwambia apunguze sauti, atamsikia.

Jumapili, 4 Mei

Jumapili malori hayatembei. Nilikuwa jikoni, naosha kikombe, yadi kimya, mtaa kimya, hata mvua imenyamaza. Nikasikia kutoka uani. Ti-ti-ti-ti.

Nilifunga bomba nikasikiliza. Ti-ti. Kisha hakuna.

Nimekwenda. Nimebisha. Ndiyo, nimebisha, na safari hii kwa kujua kabisa ninachofanya. Nikasema, "Mama, ni mimi. Meno sikuchelewesha kwa makusudi." Nikangoja muda wake wote, wa glasi, wa seti ya chini, wa seti ya juu, wa kikohozi. Nikajisikia nalia, nikaacha nilie. Kisha nikasema, "Leo naingia kabla hujasema."

Nikaingia. Chumba kilikuwa chumba. Maji yalikuwa chini ya mstari. Nikayatoa meno, nikayafuta kwa kitambaa safi, nikayaweka dirishani, pale jua linapofika. Glasi nimeiosha na kuirudisha jikoni pamoja na nyingine. Kazini nimewafokea watu wengi kwa kosa hili nililolifanya leo. Yatapinda, polepole. Acha yapinde.

Jumatano, 7 Mei

Manyunyu. Asubuhi nimepita uani na ndoo, nikiwa na haraka, nikafungua tu. Nilipofika katikati ya chumba ndipo nikashtuka.

Jumamosi, 10 Mei

Dalali kakwama upande wa pili, barabara imejaa maji. Mteja akaja peke yake. Mwanamke wa makamo, nesi, sare bado mwilini, macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini.

Huyu hakusifu chochote. Sebule aliipita. Jikoni aliuliza kama gesi inafika. Koridoni akasimama kwenye vyuma vya ukutani, kama vile vya chumbani kwa Mama, akakishika kimoja, akaning'inia kwa uzito wake wote.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi."

"Vimefungwa na mtu aliyemwona mzee akianguka."

"Mara moja tu," nikasema. "Haikujirudia."

Akanitazama. "Nyumba nzuri hivi, bei yenyewe ya kawaida, miezi yote haijauzika. Kaka, niambie ukweli. Ina nini?"

Nilikuwa nimechoka kudanganywa na kudanganya. Nikamwambia. Nilimwambia yote, tumesimama koridoni, tone la dari linapiga sufuria: sheria ya Mama, meno, ile alasiri, wateja, ahaa zao. Nikamwambia na Jumapili ile, ti-ti bila lori. Nilimaliza nikangoja akumbuke safari yake.

Akacheka. Siyo kwa dharau. Alicheka mpaka akajishika ukuta. "Wako alikuwa meno," akasema. "Wangu ni kilemba. Hata nyumba ikiungua, zimamoto watasimama nje mpaka mama afunge kilemba. Ndiye ninayemtafutia chumba. Ngazi za tunapokaa zimemshinda, ameshakuwa mfungwa juu kule." Akafuta macho. "Ni mlango huu?"

"Huo."

Nikadhani atafungua. Akainua mkono akabisha. "Hodi, Mama," akasema, kwa adabu kabisa. "Ni mgeni, nimekuja na mwanao."

Tukangoja. Sikuwahi kungoja pale na mtu mwingine. Manyunyu yaliendelea juu ya bati. Hakuna aliyesema karibu, na nilisikia, kwa masikio yangu mwenyewe, kwamba hakuna.

"Tumengoja vya kutosha?" akaniuliza.

"Vya kutosha."

Tukaingia. Alikaa kitandani, akajaribu kusimama kwa kushika chuma, akakaa, akasimama tena. Akataja bei. Ya chini kuliko tuliyoitaka. Nikamwambia nitaongea na Kaka, nikijua Kaka atakubali hata kama itabidi nimnunie mpaka uzeeni.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Kaka, nikamtajia bei.

"Wana watoto?"

"Wana mzee. Mama yake. Atalala uani."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Mama atafurahi," akasema Kaka. Kisha, haraka, akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Bwana Saruji nimemwambia mwenyewe. Akasema sawa tu, atatafuta kiwanja kwingine. Akauliza kama yule mzee mpya anasumbuliwa na honi.

Jumamosi, 24 Mei

Tumemaliza makaratasi. Nimehamia chumba cha kupanga karibu na kazini, kina dirisha moja na mlango usio na historia.

Kabla ya kuhama nimempelekea Mama meno yake kaburini. Nilichimba kwa mkono, udongo ulikuwa bado laini. Yamepinda kidogo upande wa kushoto. Nikamwambia akiona yanamchubua, asinitume tena.

Jumamosi, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Mvua zimekatika, watu wote wanasema.

Nimekuta ufunguo wa mlango wa nyuma umebaki kwenye mnyororo wangu, nikaurudisha. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, masanduku kila mahali, ule mwavuli wa vijana umening'inizwa mahali pa miavuli kama wa kwao. Nesi alikuwa jikoni, mikono imejaa sabuni.

"Mpelekee Mama huko uani!" akanipigia kelele. "Funguo zote anashika yeye, mimi haniamini!"

Nikapita koridoni. Dari limezibwa, sufuria haipo. Nikafika mlangoni. Mkono ulipanda wenyewe na leo sikuuzuia.

"Hodi."

Kimya.

Kisha nikasikia kitanda kinalia. Kitambaa kinakung'utwa, kinazungushwa, kinavutwa. Pini ikaanguka sakafuni, mtu akaguna. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, nikangoja, na nilijua kungoja huku kuna urefu gani.

"Karibu," ikasema sauti. Sauti ya mtu aliyekaa sawasawa.

Nilishindwa kuingia hapo hapo.

"Karibu, mwanangu," ikarudia. "Mbona husogei? Au huko nje bado inanyesha?"

"Haya, Mama," nikasema. "Imeshakatika."

Nikajifuta uso, nikafungua mlango.